Willy Gamba au Joram Kiango? Wasomaji wa Kariakoo na vitabu vyao

Wadau, kuna msemo umenichosha. Kila panapokuwa na semina ya elimu lazima ainuke mheshimiwa mmoja, akohoe kidogo, aseme: "Ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu." Ukumbi unacheka, watu wanakwenda kunywa chai, basi, mjadala umekwisha. Na wala msemo wenyewe si wetu. Majirani zetu nao wanao, kila mmoja anabadilisha jina la nchi tu.

Mimi nina jaribio dogo. Nenda kijiwe chochote cha kahawa kati ya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Msimbazi, ukae na wazee waliozidi miaka hamsini na tano, halafu uulize kwa upole: eti wazee wangu, kati ya Willy Gamba na Joram Kiango, nani alikuwa mkali? Ukishauliza, weka kikombe chini, maana kitamwagika. Wa Gamba watakwambia yule alikuwa mtu wa serikali, kapigania Afrika nzima, huyo Kiango wenu ni mhuni tu mwenye bahati. Wa Kiango watajibu kwamba Gamba kila akikwama anapewa tiketi ya ndege na pesa za serikali, mwenzake anatumia akili yake. Mmoja atakutajia sura nzima kwa kichwa. Mwingine atasema nyinyi wote watoto, mngemsoma Bwana Msa kwanza. Hao ndio watu wasiosoma!

Kwa ndugu zangu wa kizazi cha simu, nieleze kidogo. Willy Gamba ni jasusi wa Tanzania aliyebuniwa na Elvis Musiba. Alianza kazi katika Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, akaendelea na Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Joram Kiango ni wa Ben Mtobwa, kijana aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958. Kiango ni mpelelezi wa kujitegemea, na vitabu vyake vina majina ya kukufanya ununue kabla hujafungua: Lazima Ufe Joram, Salamu Kutoka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena. Mtobwa alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka hamsini tu. Musiba akamfuata 2010. Bwana Msa ni mkubwa wao wote, na kwake tutafika.

Kusoma na kubishana katika mji huu hakukuanza na hawa. Mwaka 1923 serikali ya Mwingereza ilianzisha jarida la Mambo Leo hapa Dar es Salaam. Lilikuwa jarida la mkoloni, hilo tukubaliane, lakini wenyeji walilivamia kwa barua na mashairi. Watu wa Tanga wakajibizana na watu wa Lindi kwa beti. Mhariri wake, Frederick Johnson, ndiye aliyetafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichotoka mwaka 1929, na babu zetu wengi walikisoma bila kujua kwamba aliyekitunga alikuwa Mwingereza. Halafu mwaka 1937 Erica Fiah, Muganda mwenye duka hapa Dar, akatoa gazeti lake mwenyewe, Kwetu, la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Fiah alikuwa na maneno makali na hela kidogo. Hata hivyo gazeti lilidumu, kwa kusuasua, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nataka mwone kitu kimoja hapo. Nakala moja ya gazeti wakati ule haikuwa ya mtu mmoja. Asiyejua kusoma alikaa karibu na anayejua, akasomewa, halafu akatoa maoni makubwa kuliko ya msomaji mwenyewe. Tabia hii mnaijua. Mpaka leo asubuhi utawaona watu wamesimama mbele ya meza ya magazeti pale Kariakoo, hawanunui, wanasoma vichwa vya habari na kuchambua nchi nzima.

Haya, Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la shirika la vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Bwana Msa anavuta kiko, anafikiri polepole, na rafiki yake Najum anauliza maswali tunayotaka kuuliza sisi. Mwaka 1965 akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo. Hapo ndipo mpelelezi alipohama kutoka mashambani Unguja akaingia mjini, kwenye simu na magari. Vijana wa Dar wakaona: kumbe hadithi inaweza kutokea kwenye mtaa ninaoujua!

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe, yaani miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980.

Yalikutana mambo matatu. La kwanza, watu walijua kusoma. Mwaka 1967 Watanzania wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni ikafuata nchi nzima, na mtihani wa 1975 ukaonyesha wasiojua wamebaki asilimia 39. Kufika 1986 serikali ilikuwa inahesabu chini ya 10. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kidogo kwa sababu ya maringo ya serikali, bado ni mamilioni ya watu waliokuwa na kitu kipya mkononi na hamu ya kukitumia. La pili, mji ulifurika. Sensa ya 1967 ilikuta watu kama 273,000 Dar es Salaam, ile ya 1978 ikakuta zaidi ya 750,000, wengi wao vijana waliotoka bara, wamemaliza darasa la saba, hawana kazi ya kueleweka, wanalala watano chumba kimoja Kariakoo, Ilala au Magomeni.

La tatu ni kwamba maduka hayakuwa na kitu cha kuwapa vijana hao. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifanya mambo makubwa. Chini ya Walter Bgoya, aliyeanza kuiongoza 1972, ilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mwaka huohuo kilipotoka London. Rodney mwenyewe alikuwa anafundisha hapa Mlimani. TPH ikatoa na Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, vyote vya Adam Shafi. Vitabu vya heshima. Lakini kijana anayeshinda anabeba mizigo sokoni akirudi jioni anataka naye kitu cha kumtoa roho kidogo.

Ndipo wakajitokeza akina Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga, Edi Ganzel na wenzao. Wengine wao walikuwa waandishi wa habari, na wengine walijifanyia kila kitu wenyewe: anaandika, anatafuta karatasi, anakopa hela, anabembeleza kiwanda cha chapa kimchapie usiku, halafu anachukua mzigo wake begani na kuutembeza mitaani. Ofisi ya mchapishaji ilikuwa mkoba wake. Vitabu vilikuwa vyembamba, kurasa mia moja hivi, karatasi ya kijivu, jalada lenye bastola na binti aliyevaa kisasa, na kwa ndani makosa ya chapa ya kutosha. Hakuna redio iliyovitangaza. Kilichoviuza ni mdomo. Fulani kamaliza, kasema kikali, basi kesho wanne wanakitafuta.

Na walikuwa na macho, wasomaji hao. Mnakumbuka Kufa na Kupona kinahusu nini? Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, Gamba anazifuata Nairobi. Msomaji wa Kariakoo hakuhitaji kuelezwa Kamati ya Ukombozi ni kitu gani, maana makao yake yalikuwa mjini humuhumu tangu 1963, na wapigania uhuru aliwaona kwa macho yake. FRELIMO walikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa hapahapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Fikiria mwenyewe: mji ambao kitabu kimeua mtu, halafu miaka mitano baadaye unaletewa riwaya ya majasusi. Unadhani wataiona hadithi ya kubuni tu? Wale waliosema vitabu hivi ni upuuzi wa kuiga wazungu wangewauliza wasomaji kwanza.

Kuiga kulikuwepo, sikatai. James Hadley Chase alisomwa sana mjini, na sinema za Empire, Avalon na Cameo zilikuwa shule ya wengi. Lakini angalia jinsi watu walivyochanganya. Huyohuyo aliyemaliza Chase siku ya Ijumaa, Jumamosi anasoma Kusadikika cha Shaaban Robert, Jumapili anagombania Rosa Mistika. Hiki cha mwisho nacho kina visa vyake. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kinamhusu binti wa Ukerewe aliyebanwa na baba mpaka akaharibikiwa alipopata uhuru, na kikapigwa marufuku mashuleni. Mnajua kilichotokea baada ya hapo. Kitu gani kinatangaza kitabu kuliko marufuku? Miaka mingi baadaye kikarudi shuleni, safari hii kikiwa cha mtihani, na wanafunzi wakaanza kukiona kigumu. Ha!

Nina nakala moja ya Ndoto ya Mwendawazimu ya Edi Ganzel niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza mali yake chini, kando ya Mtaa wa Samora. Jalada la mbele halipo. Lakini ndani ya jalada la nyuma wamejaa watu! Nimehesabu miandiko sita. Mmoja kaandika tarehe aliyomaliza, kisha "kitabu hiki usisome usiku". Chini yake mwingine kamjibu kwa wino mwekundu: "mwoga wewe". Wa tatu kaandika kwamba mwisho haukumridhisha na akaeleza yeye angeumaliza vipi, mistari saba. Wa nne kaandika "Rudisha!!" bila kusema kwa nani. Nilimwonyesha rafiki yangu mmoja anayesomea fasihi, akasema nakala imechafuliwa. Mimi nikamwambia hayo ndiyo maoni ya wasomaji, mzee, ungeyapata wapi kwingine? Magazeti ya wakati ule hayakujishughulisha sana na vitabu hivi, na chuo kikuu kwa muda mrefu kiliviita riwaya pendwa kwa sauti ileile mtu anayosemea chipsi mayai.

Tusiwape sifa zote, lakini. Shangazi yangu, aliyepanga Mtaa wa Narung'ombe enzi hizo, alivisoma karibu vyote kwa kuazima kwa wapangaji wenzake. Nilipomuuliza hilo swali langu la Gamba na Kiango alicheka sana. Akasema: "Mwanangu, wote wawili hawajui hata kuchemsha chai. Mwanamke akiingia ukurasa wa tano mzuri sana, ujue ni jasusi au anakufa." Kisha akaniambia kitabu chake ni Rosa Mistika, kwa sababu ndicho pekee kilichomfanya agombane na baba yake kichwani kwa wiki nzima. Nimetafakari maneno hayo. Ni kweli, vingi katika vitabu hivi vinamwona mwanamke wa mjini kama mtego uliowekewa kijana wa watu. Wanaume waliandika wakiwa na hasira ya kukosa hela. Shangazi aliyajua yote hayo na akaendelea kusoma, maana, anasema, aliyekuwa anaandika habari za mtaa wake kwa Kiswahili chake ni nani mwingine?

Je, wasomaji hawa walikwenda wapi? Hapa ndipo ule msemo wa semina unaponiudhi hasa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka. Karatasi ikawa kama sukari, ya kuwindwa. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na vijana waliokuwa wakiuza hiki na kile barabarani wakakamatwa kama wazururaji na kupelekwa vijijini. Muuza kitabu wa mkononi alikuwa mmoja wao tu machoni pa serikali. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza 1985, na kwa waandishi wengi wa mkoba kilikuwa kimechelewa. Mwaka 1991 sera mpya ikawafungulia wachapishaji binafsi mlango wa vitabu vya shule, na ikawa neema yenye mkasa ndani yake: kila mchapishaji alikimbilia huko kwenye hela ya uhakika, riwaya ikabaki yatima. Halafu miaka ya 2013 na 2014 serikali ikavirudisha vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu, na wachapishaji waliokuwa wamejenga nyumba yao juu ya nguzo hiyo moja wakajikuta nje kwenye mvua. Maktaba Kuu, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Desemba 1967, bado ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Lakini ingia jioni, wengi utakaowakuta wanasoma madaftari yao ya mitihani.

Msomaji hakufa katikati ya yote hayo. Alihama. Televisheni zilipoingia bara mwaka 1994 watu walisema kusoma kumekwisha, na wakati huohuo magazeti ya udaku yalikuwa yanauza kama njugu kwa sababu ya hadithi za kuendelea. Eric Shigongo na magazeti yake, Uwazi, Ijumaa na Risasi, walijua siri hiyo vizuri: kata hadithi pale shujaa ameshika kitasa cha mlango. Wiki nzima watu wanabishana mlangoni kuna nani. Mimi nimekua nikiwaona mafundi cherehani Mtaa wa Kongo wakinunua gazeti moja kwa kuchangiana ili wasikose sehemu inayofuata. Leo hadithi hizo ziko kwenye simu, zinauzwa kipande kwa kipande, na wasomaji wanapiga kelele zilezile: endelea basi, usitutese!

Mtu anayechangia hela ya gazeti ili ajue kilichopo nyuma ya mlango, huyo kweli tatizo lake ni kutopenda kusoma?

Kinachoniuma ni kwamba hatukuweka kumbukumbu. Mwanahistoria mmoja wa Marekani, Emily Callaci, alipoandika juu ya Dar es Salaam ya miaka hiyo katika kitabu chake Street Archives and City Life cha mwaka 2017, vijitabu hivi vilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake: vijana walihofia nini, walitamani nini, waliuonaje mji. Nilifurahi, na nikaona wivu pia. Shehena ile ilikuwa hapa, chini ya turubai, kati ya majalada ya Chase na vitabu vya biolojia vya kidato cha pili, na sisi tunapita.

Haimaanishi kwamba hakuna kinachofanyika. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota, kampuni ambayo Bgoya aliianzisha mwaka 1991, ilitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa mara ya kwanza mtu wetu aliyepata Nobel, mwaka 2021, akasomeka kwa lugha aliyozaliwa nayo. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, imekuwa filamu mwaka 2021, na nimesikia kwenye daladala ya Gerezani dada wawili wakibishana kama Yasmin wa kitabuni ni bora kuliko wa kwenye filamu. Nilipitiliza kituo changu kwa ajili ya ubishi ule.

Juzi nilirudi kwa yule muuza mitumba wa Samora. Nilimuuliza anauza nini zaidi. Akasema vitabu vya Kiingereza vya kujitajirisha, vinatoka haraka, halafu vitabu vya dini, halafu vya mitihani. Na Musiba je? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya tanzanite. "Kaka, Musiba hakai. Nikimpata asubuhi, mchana hayupo. Kuna mzee mmoja wa Gerezani ameniachia namba ya simu, anataka Njama tu, ana mwaka wa tatu ananipigia." Nikamuuliza kwani mzee hajawahi kuisoma? Akasema kaisoma, tena mara nyingi. Aliiazimisha.